Vitanzi Ishirini na Saba

Jina lako nililiokota ndani ya kofia ya mchungaji,
karatasi iliyokunjwa mara nne:
Velta Grinberga, Kuldiga. Mjane. Anajua Kijerumani.
Nami nilikijua Kijerumani cha mama yangu,
cha kuitia ng'ombe na kushukuria chakula,
basi nikaandika: Dada nisiyekujua,
hapa Saskatchewan ngano imefika kiunoni.
Nikaishiwa maneno hapo hapo.
Mtu amwambie nini mgeni kuhusu Mungu,
wakati yeye mwenyewe hajamsemesha
tangu mumewe aanze kutema damu?

Jibu lilikuja Novemba,
bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi isiyo yako,
ya kahawia, nzito, kama ya fundi viatu.
Hukutaja kanisa. Hukumtaja Bwana.
Uliuliza kama kwetu nako miguu hupata baridi,
ukanipa maelekezo ya soksi:
Anza na vitanzi ishirini na saba.
Ukifika safu ya kumi na nne, ngoja.
Usiharakishe, dada. Ngoja.

Nikafuma. Cheka tu, Velta, nimekuruhusu.
Kornelius alikuwa na wiki ya sita kaburini,
viatu vyake bado mlangoni, vimeelekea nje,
nami nafuma soksi kwa vitanzi ishirini na saba.
Safu ya kumi na nne nikaweka sindano chini, nikangoja.
Nikatazama theluji ikipanda uzio wa akina Friesen.
Nikangoja nini? Hukusema.
Jioni nikaimalizia hivyo hivyo. Kikatoka kitu
kisichomfaa mtu mzima wala mtoto,
kisigino upande, mdomo kama wa gunia.

Usiku wa manane ndipo ikanijia.
Nilikurupuka kama niliyeitwa kwa jina.
Ishirini na saba. Kumi na nne.
Nikawasha taa, nikafungua Kitabu, vidole vikikosea kurasa,
na hapo, Velta, ulikuwa unanisubiri muda wote huo;
ulipita chini ya pua ya mwenye gundi
umebeba mstari mzima wa kupiga moyo konde.

Nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi.
Sikulia vizuri. Nililia kama ndama.

Tangu hapo tukawa mfumaji na mkulima wa ajabu.
Ulipoandika kwamba umeitwa ofisini
kueleza habari za stempu za ng'ambo,
nilikujibu: tumevuna magunia mia na ishirini na moja,
yako ghala la nane, yanalindwa, yakitoka na yakiingia.
Hatuna ghala la nane. Tuna moja, na lina panya.
Mungu atanisamehe uongo huo,
au aniambie ulikuwa uongo wa nani.

Nilikusimulia na ile soksi. Yote, hata mdomo wa gunia.
Hukujibu.
Baridi ikapita, na joto, na baridi tena,
tarishi akawa hanitazami usoni.

Leo kimekuja kifurushi, mwandiko si wako.
Barua hamna.
Soksi moja ya kijivu, kisigino upande,
mdomo kama wa gunia.
Nimehesabu vitanzi. Nimehesabu tena dirishani.
Kwenye safu ya kumi na nne uzi unabadilika rangi kidogo,
kama mkono uliopumzika hapo siku nyingi
kabla ya kuendelea,
au kabla ya mkono mwingine kuendelea.

Husemwa barua ni nusu ya kuonana.
Nimezivaa zote mbili. Zinabana vidoleni.
Natembea nazo jikoni, mbao zinalia, chai imepoa,
na sijui nikuombee kama aliye hai
au nimshukuru Mungu kwa aliyetangulia.
Viatu vya Kornelius nimeviingiza ndani.
Sindano ziko mezani.
Nangoja.